Mauzo ya Miche ya Majira ya Kuchipua katika Vyama vya Bustani vya Marekani: Vikundi Vyetu Vichukue Nini?



Nimeombwa nieleze namna vyama vya bustani vya Marekani vinavyoendesha mauzo yao ya miche na kazi zao za kujitolea, kwa kuwa nilipoishi kule nilikuwa mwanachama wa chama kimojawapo. Nitasema mapema ninakoelekea, ili asiyekubaliana nami aanze kuandaa maswali. Kila ninapogusia habari hii naulizwa kwanza: wanapata shilingi ngapi? Wanapata kiasi, lakini fedha haitoshi kueleza kwa nini mauzo yale yanadumu mwaka hadi mwaka. Yanadumu kwa sababu muuzaji humwambia mnunuzi ukweli wote kuhusu mche, na kwa sababu kazi ya kila anayejitolea huandikwa kwenye daftari. Sisi tuna miche mingi na moyo wa kujitolea tunao tangu zamani. Ukweli huo na daftari hilo ndivyo tunavyopungukiwa.

Nianze na asili yake kwa ufupi. Chama kinachotajwa kuwa cha kwanza nchini Marekani ni Ladies' Garden Club ya mji wa Athens katika jimbo la Georgia, kilichoanzishwa Januari 1891 na wanawake 12 waliokuwa wakikutana kubadilishana vipando na maarifa. Mwaka 1913 vyama kadhaa viliungana huko Philadelphia na kuunda Garden Club of America, na mwaka 1929 ukaanzishwa muungano mwingine mkubwa zaidi, ambao leo unaitwa National Garden Clubs. Kwa muda mrefu hivi vilikuwa vyama vya akina mama wenye nafasi, na vilikuwa vya Wazungu. Wamarekani weusi walijiundia vyao. Virginia walikuwa na Negro Garden Club of Virginia tangu mwaka 1932. Nalitaja hili kwa sababu mtu akiziona picha za zamani za kofia pana na vikombe vya chai anaweza kudhani hiyo ndiyo historia nzima.

Kuna mkondo wa pili ulioingia baadaye, nao kwangu una maana zaidi kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, maofisa ugani wa jimbo la Washington walizidiwa na simu za watu wa mjini: nyanya yangu ina madoa, mwaridi wangu unakauka, nifanye nini? Maofisa walikuwa wachache mno. Wakabuni mpango uitwao Master Gardener: raia apewe mafunzo ya kilimo cha bustani kupitia chuo kikuu, naye alipe kwa saa za kazi ya kuwajibu raia wenzake. Idadi ya saa hutofautiana kwa jimbo, ila mwaka wa kwanza saa 40 au 50 ni jambo la kawaida. Asiyetimiza hapati cheti. Mpango huo umeenea karibu nchi nzima, na mara nyingi watu hao hao ndio utakaowakuta nyuma ya meza siku ya mauzo.

Sasa siku yenyewe. Kaskazini mashariki mwa Marekani ardhi huganda miezi ya baridi, na mambo yote ya bustani hufungwa kwenye tarehe moja: siku ya wastani ya jalidi ya mwisho. Mche wa nyanya au bilinganya ukikutwa nje na jalidi ya usiku mmoja, asubuhi umekwisha. Wakulima wa bustani wa maeneo mengi ya kule hutumia Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei, kama alama ya kuanza kupanda nje kwa usalama, ndiyo maana mauzo mengi huangukia Jumamosi za mwezi huo. Mbegu za nyanya husiwa ndani ya nyumba, chini ya taa, wiki 6 hadi 8 kabla ya hapo, kisha miche hukomazwa kwa kutolewa nje saa chache kila siku kwa muda wa wiki moja hivi.

Bidhaa nyingine karibu zote hazikununuliwa. Kuna mimea ya kudumu inayotoa mashina mengi kwenye tuta moja, kama hosta na airisi, nayo isipogawanywa kila baada ya miaka kadhaa hubanana na kuacha kuchanua vizuri. Mwenye bustani hung'oa tuta zima, hulikata kwa sepetu, hurudisha sehemu moja ardhini na sehemu zilizobaki huzitoa kwa chama. Vyungu vya plastiki ni vya mwaka jana, vimeoshwa. Uwanja ni wa kanisa au maktaba. Kwa hiyo hata wakiuza chungu kwa dola chache, fedha karibu yote hubaki: humlipia mwanafunzi wa kilimo ada, hununua miti ya kupanda barabarani, au hujaza maua kwenye mapipa yaliyo mbele ya ofisi za mji.

Siku ya kugawa mimea, ambayo hufanyika wiki chache kabla ya mauzo, ndiyo shule ya chama. Mwanachama mpya hushika jembe akiwa amesimama pembeni ya bibi aliyelima bustani maisha yake yote, na bibi humwonyesha mahali pa kukata. Hakuna semina, pamoja na hii yetu, inayoweza kufundisha hivyo.

Nije kwenye lebo. Kila chungu hubandikwa jina la kienyeji na la kisayansi, urefu mmea utakaofikia, kama unataka jua au kivuli, na wakati wa kuchanua. Chama kikiwa makini, huandika na lisilopendeza: mmea huu huenea haraka, usiupande karibu na mingine. Muuzaji anaandika kasoro ya bidhaa yake kwa mkono wake mwenyewe! Nani kati yetu amewahi kuandika hivyo kwenye kiriba?

Wana sababu. Mti wa mapambo uitwao Callery pear ulipandwa kwa miaka mingi mbele ya nyumba za Wamarekani kwa ajili ya maua yake meupe. Kisha ndege wakabeba mbegu zake, mti ukavamia mashamba na kingo za misitu. Ohio ilipiga marufuku kuuuza kuanzia Januari 2023, Pennsylvania na Carolina Kusini zikafuata mwaka 2024. Wenzetu wa Muheza hawahitaji kuambiwa maana ya jambo hilo. Maesopsis eminii, mti ulioletwa Amani kwa nia njema kabisa, umejisambaza ndani ya misitu ya Usambara Mashariki ukawa tatizo la wahifadhi. Mti huo haukuja kwa wizi wala kwa bahati mbaya: ulipandwa.

Lakini kilichovitikisa vyama vile kuliko mmea wowote ni mnyoo. Wanaitwa minyoo warukao, kwa vile ukimgusa mmoja hupiga mkia na kujirusha kama nyoka. Asili yao ni Asia ya Mashariki. Minyoo ya kawaida huufaa udongo. Hawa hula majani makavu ya juu kwa kasi mno, wakaacha udongo wa chengachenga ulio kama kahawa iliyotumika, usioshika maji wala mizizi. Wakubwa hufa baridi ikija, ila mayai yao hubaki ndani ya vifuko vidogo ambavyo jicho halivioni kwa urahisi. Na vifuko hivyo husafiri kwa njia gani? Kwa njia ile ile ya mauzo ya miche: udongo wa bustani ya fulani, ndani ya chungu, kwenda bustani ya mwingine. Ukarimu wa majirani ukawa ndio usafiri wa mdudu.

Vyama havikuitikia kwa namna moja. Vingine viliahirisha mauzo kabisa. Vingine viliamua kuuza tu miche iliyooteshwa kwa mbegu kwenye udongo wa kununua. Vilivyobaki vilichukua kazi ngumu zaidi: kila mmea unaong'olewa huoshwa mizizi mpaka udongo wote uishe, kisha hupandwa kwenye mchanganyiko safi. Wapo pia wanaoupasha udongo na mboji joto juani chini ya plastiki, kwa kuwa utafiti umeonyesha kuwa nyuzi joto 40 hivi za Selsiasi zikidumu siku tatu huua mayai hayo. Kuosha mizizi ya mamia ya mimea kwa maji ya bomba mwezi Aprili, vidole vikiuma kwa baridi, ni kazi ambayo asiyelipwa angeweza kuikataa. Walio wengi niliowaona hawakuikataa, kwa sababu walijua kwamba siku mnunuzi mmoja akigundua minyoo ile kwake, jina la chama limekwisha.

Hapa kwetu mnyoo huyo ana ndugu zake. Mnyauko wa migomba uliosumbua Kagera huhamia kwa machipukizi na kwa panga lisilosafishwa. Batobato na michirizi ya kahawia ya mihogo husafiri kwa nzi weupe, ndiyo, lakini husafiri pia kwa vipando tunavyopeana kwa upendo shambani. Hatuwezi kuacha kupeana. Tunaweza kuuliza kwanza.

Nisiondoke Usambara bila kuwaambia kuhusu ua letu. Mwaka 1892, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani aliyekuwa Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba ya kivulini. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Leo limo madirishani dunia nzima; Wamarekani wana chama chao cha ua hilo peke yake, African Violet Society of America, tangu mwaka 1946. Nimeliona kwenye meza za mauzo, lebo imeandikwa kwa uangalifu: lisimwagiwe maji baridi kwenye majani. Asili yake haikutajwa. Wakati huo huo, porini kwetu baadhi ya aina zake zimebaki kwenye vipande vidogo vya msitu. Hata ua lingine linalouzwa sana kule, Impatiens walleriana, ni la Afrika Mashariki. Zamani liliitwa sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 2011 na 2012 ugonjwa wa ukungu uliliangamiza katika majimbo mengi, na vyama vilivyokuwa vikilitegemea vililazimika kutafuta mimea mingine. Kikundi cha vitalu cha Lushoto au Muheza kinachouza maua ya nje bila kuotesha hata ua moja la msitu wake, kwa kibali na kwa utaratibu, kimekalia mali bila kuijua.

Kuhusu kujitolea nitasema machache, maana msaragambo hatukufundishwa na mtu. Tofauti ni daftari. Kule mwenye zamu husaini alipoingia na alipotoka, awe amebeba vyungu, amelinda mimea iliyokwisha kulipiwa, au amekaa kwenye sanduku la fedha. Mwisho wa mwaka mhazini hujumlisha. Asasi iitwayo Independent Sector hukadiria kila mwaka thamani ya saa moja ya kujitolea. Kwa mwaka 2023 ilikuwa dola 33.49. Chama kikienda kwa halmashauri ya mji kuomba eneo au bomba la maji, hakiendi na maombi matupu. Kinaweka mezani hesabu ya mchango wake. Sisi kwenye msaragambo huandika wasiofika, ili watozwe faini. Waliofika na kuchimba kutwa nzima hatuwaandiki popote.

Matatizo wanayo pia. Wanachama wengi ni wazee, vijana wana kazi za mchana, na vyama vilivyong'ang'ania mikutano ya asubuhi ya Jumanne vimebaki na viti vitupu. Vilivyohamia jioni au Jumamosi vinapumua. Vikundi vyetu vinavyokutana saa nne asubuhi, siku ambayo vijana wako sokoni au kwenye bodaboda, viliangalie hilo.

Kuhusu wakati wa kuotesha, jalidi ya mwisho si tarehe yetu. Yetu ni mvua za kwanza, na vikundi vingi huanza kujaza viriba mvua ikiwa mlangoni, miche ikakomaa masika yamekwisha.

Ndugu mwenyekiti, naomba semina hii iamue mambo mawili kabla ya vuli ijayo. Kwanza, kila kikundi kisiuze wala kugawa mche usio na lebo yenye jina lake, mahali ulikotoka, na kasoro yake kama ipo. Na kwa migomba na mihogo, bwana au bibi shamba akague kabla haijatoka kitaluni. Pili, kila kikundi kifungue daftari la saa za kazi, na kiende nalo halmashauri kinapoomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Makatibu wa vikundi mpo hapa leo. Anzeni na orodha ya miche mliyo nayo kitaluni wiki hii, mlete nakala kwa afisa kilimo wa kata kabla ya mwisho wa mwezi.