Kuunga Skrini ya Pili

Leo tutaunga skrini ya pili kwenye kompyuta mpakato. Usitoe fedha yako kununua waya kabla hujatazama matundu ya kompyuta. Tundu la HDMI hupitisha picha na sauti pamoja. Lakini matundu ya USB-C yatazame sana: mengine hupitisha picha, mengine ni ya umeme na mafaili tu, na kwa umbo yote ni mamoja! Soma kitabu cha maelezo yake. Ukiisha kuunga, na kompyuta ikiwa ni ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, uchague kupanua. Ukichagua kunakili utaona picha ile ile mara mbili, na meza imejaa bure.