MASWALI YA MASHINI YA KUPIMIA UONGO

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na vijana wanaotafuta kazi, Changamwe



Kijana mmoja wa Mikindani alinijia nyumbani jioni moja. Alikuwa ameomba kazi ya ukarani wa godauni. Cheti cha tabia njema cha polisi anacho, maandishi yake mazuri. Akafungwa waya, akaulizwa maswali, akaambiwa ameshindwa. Akasema, "Mzee, waliponiuliza kama nimewahi kuiba kazini, moyo ulinienda mbio, maana nilijua kazi yote iko pale." Nikamwambia, basi mashini haikukosea, moyo ulikwenda mbio kweli. Kosa ni la yule aliyeziita mbio hizo uongo.

Mashini hii inaitwa poligrafu. Mwaka 1921 John Larson, wa polisi wa mji wa Berkeley, Marekani, aliunda moja ya zile za kwanza. Inapima pumzi kwa mipira ya kifuani na tumboni, inapima damu kwa kitambaa cha mkononi kama kile cha daktari, na inapima jasho la vidole. Sindano ya uongo haina. Mambo yote yako katika maswali, na ndiyo maana nataka myajue.

Maswali huanza kabla ya waya. Mpimaji hukaa nawe, huenda hata saa nzima, kwa maneno matamu, akakusomea kila swali atakalokuuliza. Hapa ndipo wengi hujifunga wenyewe. Mtu anadhani mashini itamfichua, basi anatoa kila kitu: deni la dukani, ugomvi na mnyapara wa zamani, ndugu aliyefungwa. Yote yanaandikwa. Tajiri mara nyingi hupata mengi zaidi kwa hofu hii kuliko kwa mashini yenyewe. Ni kama kiapo cha shoka la moto cha wazee wetu Wamijikenda: wako waliokiri kabla shoka halijatolewa motoni.

Halafu waya. Yako maswali ya bure: Jina lako ni fulani? Leo ni Jumanne? Hayo hayana neno. Yako maswali ya kiini: Umemwibia tajiri uliyemfanyia kazi? Umetumia dawa za kulevya? Umeficha jambo katika fomu? Na katikati yake hutiwa maswali ya kulinganisha, na haya ndiyo ya ajabu: Tangu uzaliwe, umewahi kumdanganya mtu aliyekuamini? Nani hapa ukumbini hajawahi? Mpimaji anataka useme "hapana" huku roho haijatulia. Mtindo huu aliueneza John Reid wa Chicago mwaka 1947. Hesabu yao ni kwamba mkweli atatoka jasho zaidi kwa swali la kulinganisha, na mwongo kwa lile la kiini.

Sasa tazameni. Mtu asiye na kazi miezi minane, ana watoto, anaulizwa juu ya wizi. Swali lipi litamtoa jasho? La utotoni, au lile linaloshika unga wa watoto wake?

Tena mtihani wa kuandikwa kazi una ubovu wake mwenyewe. Mzigo ukipotea, watu huulizwa juu ya mzigo ule. Hapa hakuna kilichopotea, basi huulizwa "umewahi, umewahi", wavu wa kuvua kila samaki. Mwaka 2003 wataalamu wa Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani walipiga hesabu ya mfano: watu 10,000, wapelelezi 10 ndani yao. Ukitaka mashini ikamate 8, utaangusha watu 1,606, na 1,598 kati yao hawana hatia. Wapelelezi 2 watapita. Aldrich Ames wa shirika la ujasusi la CIA alipimwa mwaka 1986 na tena 1991, akapita, huku akiwauzia Warusi siri. Na sheria ya Marekani ya mwaka 1988 imewakataza matajiri wengi wa kampuni za binafsi kuwapima waombaji kazi.

Kwetu Kenya mna ngao. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda mambo yako ya faragha. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi hata kwa anayeomba kazi: dini, kabila, mimba, ukimwi. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka huo huo, kifungu cha 5 pia, inakataza kumbagua mwombaji kwa ajili ya chama. Mkiulizwa "wewe ni wa chama gani cha wafanya kazi?", waya ziwepo zisiwepo, andikeni swali hilo na jina la aliyeuliza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua habari zako zitatumiwaje, na ya kuziona.

Kwa hiyo ombeni orodha ya maswali kwa maandishi. Someni karatasi ya ridhaa kabla ya kutia sahihi. Jibuni kweli, na kwa ufupi. Swali lisilohusu kazi, uliza linahusu nini. Na hila za kuuma ulimi au kukanyaga msumari ndani ya kiatu, acheni. Wapimaji wanazijua, na ukishikwa utaitwa mwongo kweli.

Wazee wanakumbuka kipande, kabla ya 1947, jinsi kilivyomfuata mtu shingoni kutoka kwa tajiri mmoja hadi mwingine. Sitaki karatasi ya mashini hii iwafuate vijana hivyo. Kamati imeandika kifungu cha kutiwa katika mkataba, kwamba mtu asinyimwe kazi wala kufukuzwa kwa matokeo ya mashini peke yake. Kitasomwa katika mkutano ujao wa tawi. Na barua ya kijana wa Mikindani, ya kudai nakala ya majibu yake, tumeipeleka.