Mfumo Uliofunguliwa Unahitaji Mwenyeji

 

Mvuvi wa kamba anapolipia leseni kwa simu, huingiza kumbukumbu namba na namba yake ya siri, basi. Nyuma yake mifumo ya taasisi kadhaa huulizana na kujibizana kupitia kiolesura cha programu, ambacho mafundi hukiita API. Serikali yetu ya Tanzania ilianza kukusanya mapato kwa GePG, mfumo wake wa malipo ya kielektroniki, mwaka 2017. Mitambo imesifiwa vya kutosha. Leo nawasemea watu wanaomhudumia msanidi programu anayetaka kujiunga na mitambo hiyo, maana wao husahaulika bajeti inapopangwa.

Tuwatazame majirani zetu wa Kenya. Huduma ya fedha kwa simu ya M-Pesa ilianza huko Machi 2007, ikafika kwetu 2008. Kwa miaka mingi wasanidi wengi waliotaka mfumo wa duka utambue malipo walilazimika kuifanya kompyuta isome ujumbe mfupi ulioingia kwenye simu. Safaricom, kampuni yenye huduma hiyo, ilifungua kiolesura mwaka 2015, lakini kujiunga nacho kulidai utaalamu na subira kubwa. Mwaka 2017 ikaleta jukwaa la Daraja: msanidi alijiandikisha mwenyewe, akapata funguo na mahali pa kujaribia pasipo kugusa fedha ya mtu, na maelezo ya kusoma. Vijana wakaanza kuandikiana miongozo na kugawiana misimbo. Pesa ilikuwa ile ile. Mgeni ndiye aliyepokewa vingine.

Na hapa kwenye delta ya Rufiji jambo hili lina uzito wake. Mtandao hukatika. Abiria wa Nyamisati kwenda Mafia analipa nauli, fedha inakatwa, jibu linapotea njiani, tiketi haitoki. Msanidi ambaye hakufundishwa ataufanya mfumo utume ombi lile lile tena, na abiria anaweza kukatwa mara mbili. Aliyefundishwa huuliza kwanza hali ya muamala ndipo achukue hatua. Hiyo ni sentensi moja tu katika mwongozo, lakini lazima awepo mtu wa kuiandika, wa kuifundisha, na wa kupokea simu ya kijana aliyekwama usiku. Mtu huyo huyo ndiye huwarudishia wahandisi malalamiko ya nje, na huwaonya wasanidi mapema kabla kiolesura hakijabadilishwa. Nashikilia kwamba kazi yake ni sehemu ya mfumo wenyewe, kama ilivyo seva. Anayeiita matangazo hajawahi kukaa na abiria aliyekatwa fedha bila tiketi.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa benki, kampuni za simu na taasisi za umma: ajirini watu hawa, waleteni hadi vyuo vya Pwani, na miongozo yenu iandikwe pia kwa Kiswahili.