Maumivu ya Kiwiko: Tuangalie Kwanza Kifaa Kilicho Mkononi

Haya ni maelezo ya mtaalamu wa tiba ya viungo kwa wakazi, mafundi na wanamichezo wa Mji wa Kale, Mombasa, kama yalivyotolewa katika kikao cha afya ya jamii.



Leo tutazungumza juu ya maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, au kisukusuku kama wasemavyo wazee wetu. Madaktari huyaita kiwiko cha tenisi. Mwaka 1873 daktari Mjerumani aitwaye Runge aliyaeleza kwa watu wenye kazi ya kuandika. Miaka kumi hivi baadaye madaktari wa Uingereza waliyaona kwa wacheza tenisi, na jina hilo likabaki. Lakini wagonjwa walio wengi hawajashika raketi maishani mwao. Ni maseremala, waashi, wapishi, mafundi wa rangi na akina mama wanaofua kwa mikono.

Kwani kinachouma ni nini? Misuli inayoinua kiganja imefungwa kwa kano kwenye mfupa wa upande wa nje wa kiwiko. Kila unaposhika kitu kwa nguvu, misuli hiyo hukaza ili kifundo cha mkono kisilegee. Ukikaza mara elfu kwa siku, kano huchakaa upesi kuliko inavyojirekebisha. Katika kila watu wazima 100, mmoja hadi watatu hupatwa, hasa wenye umri wa miaka 35 hadi 55. Huo ndio umri wa kulisha familia na kulipa karo.

Jipime hivi: nyosha mkono mbele, kiganja kikiangalia chini, kisha jaribu kuinua kiti chepesi kwa kushika mgongo wake. Ukisikia maumivu upande wa nje wa kiwiko, huenda ndiyo haya.

Nianze na wanamichezo. Tenisi na kriketi si ngeni kisiwani. Mombasa Sports Club imekuwepo tangu 1896. Anayenunua raketi, iwe mpya au ya mitumba, aangalie mambo manne. La kwanza, fremu. Raketi ngumu isiyonepa hurudisha kishindo cha mpira mkononi, na ikiwa nyepesi mno kishindo huzidi. Mwenye kiwiko kibovu achague inayonepa kidogo, yenye uzito wa kadiri. La pili, nyuzi. Nyuzi ngumu za poliesta hupendwa na wachezaji wenye nguvu, lakini huumiza mkono. Nyuzi laini zilizovutwa kwa mkazo mdogo humeza kishindo. La tatu, mipira. Mpira uliolowa au uliokufa ni mzigo kwa kiwiko. La nne, kipira kidogo kinachopachikwa kwenye nyuzi: hicho hubadilisha mlio tu, wala hakiponyi.

Watu huuliza sana kuhusu unene wa mpini. Zamani ilisemwa kwamba mpini usiolingana na kiganja ndio chanzo. Lakini misuli ya wachezaji ilipopimwa wakiwa na mipini ya unene tofauti, haikuonekana tofauti kubwa. Basi chagua unaokukaa vizuri bila kuubana kwa nguvu. Na kifaa hakifichi ufundi mbaya: anayepiga mpira kwa mgongo wa mkono huku kifundo kimekunjika ataumia hata kwa raketi ya bei ghali. Atumie mikono miwili, na mwili ugeuke pamoja na pigo.

Wapenzi wa kriketi wanamkumbuka Sachin Tendulkar. Mwaka 2004 kiwiko cha tenisi kilimweka nje ya uwanja, na mwaka 2005 akafanyiwa upasuaji. Alijulikana kwa kutumia gongo zito. Siwezi kusema gongo pekee ndilo lililomuumiza, lakini uzito wa kifaa ni jambo la kwanza ambalo mtu wa tiba ya viungo huuliza.

Sasa tuje kwa mafundi wetu. Milango ya nakshi na roshani za mji huu zinatengenezwa na kukarabatiwa kwa mikono. Patasi butu humlazimisha fundi kubana na kugonga mara mbili. Kwa hivyo jiwe la kunolea ni dawa ya kiwiko. Gonga kwa nyundo ya mbao badala ya ya chuma pale kazi inaporuhusu. Mpini mwembamba wa bisibisi uviringishe kitambaa au mpira wa tairi la baiskeli, ili kiganja kisikaze sana. Skurubu zikiwa nyingi, azima keekee ya umeme. Mwashi anayechimbua matumbawe ya ukuta wa zamani abadilishe kazi kila baada ya nusu saa: apange mawe, achanganye chokaa, kisha arudi.

Nyumbani pia kuna vifaa. Kukamua nguo nzito huumiza kiwiko kuliko mengi. Pitisha nguo kwenye bomba au nguzo, uisokote kwa mikono yote miwili. Sufuria ya pilau ishikwe masikio yote mawili, viwiko vikiwa karibu na mwili. Mbuzi ya kukunia nazi iwe na meno makali. Na wauza kahawa wetu, dele likijaa libadilishwe mkono njiani.

Ukishaumia, usiache kutumia mkono kabisa. Punguza kile kinachouma, endelea na kisichouma. Kisha fanya zoezi hili: weka mkono juu ya meza, kiganja kikining'inia ukingoni na kuangalia chini. Shika chupa ya maji ya nusu lita. Inua kiganja kwa msaada wa mkono wa pili, uachie, halafu ushushe polepole ukihesabu hadi nne. Fanya mara 15, upumzike, urudie hadi awamu tatu, kila siku. Maumivu kidogo yanavumilika. Yakizidi, punguza maji chupani. Kano hupona taratibu, hivyo hesabu miezi, si siku. Wengi hupata nafuu ndani ya mwaka mmoja bila upasuaji.

Nawatahadharisha juu ya sindano ya steroidi. Hutuliza kwa wiki kadhaa, na fundi hurudi kazini akidhani amepona. Lakini utafiti umeonyesha kwamba baada ya mwaka, waliochomwa huwa na hali mbaya zaidi kuliko wasiochomwa, na maumivu huwarudia mara nyingi. Muulize daktari kabla hujakubali.

Nenda hospitali mapema ukiona ganzi vidoleni, kiwiko kimevimba na kina joto, umeanguka, au mkono hauwezi kunyooka. Maumivu ya mkono yanayokuja pamoja na kifua kubana ni dharura. Usingoje hata saa moja.

Kwa wenye karakana: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke vifaa na utaratibu wa kazi usiomdhuru mfanyakazi. Kijana wako anapolalamika kiwiko, usimwite mvivu. Mwangalie anashika nini, na anakishika vipi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye maumivu yaliyozidi wiki sita afike kwenye kituo cha afya kilicho karibu naye, aombe kuelekezwa kwa wataalamu wa tiba ya viungo katika Hospitali Kuu ya Pwani, na aje na kifaa anachokitumia kama kinabebeka. Kukiona kifaa chenyewe hutusaidia kujua pa kuanzia.