Maradhi ya Akili si Uchawi



Mwezi wa Oktoba 2021 akina mama wazee wanne waliuawa hapa Marani kwa kushukiwa uchawi. Hatuwezi kunena habari za afya ya akili tukalipita jambo hilo kimya. Hofu kama ile humwelekea upesi mzee asahauye njia ya kwao, asemaye peke yake, au atembeaye usiku; kumbe huenda ubongo wake waugua. Huo ni ugonjwa, wala si uchawi.

Basi twawasihi: mzee wa namna hiyo asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali, alishwe kwa wakati, aketi na wajukuu jioni. Na uvumi ukizuka, wazee wa ukoo wauzime kabla haujafika sokoni.