Mtoto Akipiga Yowe Usingizini

Haya ni mazungumzo waliyosomewa wazazi wa Ringwani, Wilaya ya Serengeti.

 

Leo tuzungumze juu ya jambo linalotutisha sisi wenye watoto wadogo. Mtoto amelala vizuri tangu saa 2 usiku. Ikifika saa 4, ghafla anapiga yowe. Anakaa kitako. Macho yako wazi, lakini hakuoni. Jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio. Ukimshika anakusukuma kama mtu asiyekujua. Baada ya dakika chache ananyamaza na kulala tena. Asubuhi anaomba uji, anacheza. Ukimwuliza habari za usiku, hajui lolote.

Mwanangu wa tatu alianza hivyo alipokuwa na miaka miwili na nusu. Usiku wa kwanza nilimtikisa, nikamwita kwa nguvu, nikamwagia maji usoni. Wapi! Akazidi kulia. Majirani wakaja na tochi. Mmoja akasema, "Mtoto huyu anachezewa." Akageuka kutazama nyumba ya bibi mmoja anayeishi peke yake. Mimi nami nilikuwa karibu kuamini.

Kulipokucha nilimpeleka mtoto zahanati. Wakampima malaria, hana. Mganga wa zahanati akaniuliza maswali mengi, kisha akanifundisha haya ninayowaeleza leo.

Jambo hili ni kuweweseka. Usingizi wa mtoto ni kama kisima. Katika saa za kwanza anazama chini kabisa. Baadaye anapanda juu polepole. Mtoto anayeweweseka amekwama katikati. Sehemu ya ubongo wake imeamka, sehemu nyingine bado imelala. Ndiyo maana analia na macho wazi, lakini hakutambui. Mara nyingi hutokea saa moja hadi tatu baada ya kulala. Huchukua dakika chache, pengine robo saa. Wewe unayetazama unaumia kuliko yeye.

Ndoto mbaya ni kitu kingine. Hiyo huja zaidi karibu na alfajiri. Mtoto huamka kweli, hukujua, hukushika nguo, na pengine husema ameota fisi. Huyo mkumbatie na umtulize.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye hatari. Kuna kuweweseka na kuna degedege. Tusivichanganye. Mtoto wa degedege mwili hukakamaa, au mikono na miguu hurukaruka. Macho hugeuka juu, mate humtoka. Mara nyingi mwili ni wa moto. Ikiisha, analegea na ni vigumu kumwamsha. Tena degedege haichagui usiku, hata mchana huja. Huku kwetu, mtoto mwenye homa na degedege huenda ana malaria kali. Malaria kali huua upesi.

Kule Bagamoyo, watafiti walioandika mwaka 1996 waliwakuta wazazi wengi wakiamini kuwa degedege huletwa na shetani mwenye umbo la ndege. Mtoto akipelekwa kwanza kwenye dawa za kienyeji, saa zinapita na ugonjwa unazidi. Ndugu zangu, tusingoje. Mtoto wa degedege mlaze kwa ubavu. Mlegezee nguo. Usimtie kijiko wala dawa mdomoni. Mkimbize zahanati saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Basi, mtoto anayeweweseka tumfanyeje?

Kwanza, mguse. Je, ana homa? Mtazame. Je, anakakamaa au anarukaruka? Kama ndiyo, nendeni zahanati. Kama sivyo, tulia.

Pili, usimtikise, usimpige, usimmwagie maji. Ukimlazimisha kuamka, anazidi kuogopa.

Tatu, mlinde asiumie. Kaa karibu naye. Funga mlango. Moto, kibatari, panga na jembe viwe mbali. Sema naye kwa sauti ndogo: "Mama yupo, lala." Baba naye aamke, asigeukie ukutani. Kazi hii ni ya wote wawili.

Nne, asubuhi usimhoji wala usimcheke mbele ya wenzake. Hakumbuki kitu. Utamtia hofu ya kulala bure.

Je, tunaweza kumzuia asiweweseke? Tunaweza kumpunguzia. Mtoto huweweseka zaidi akichoka mno, akikosa usingizi au akiwa na homa. Mimi niliona kwa mwanangu. Siku ya mnada nilikuwa ninambeba mgongoni kutwa nzima, hapati usingizi wa mchana. Usiku wake, yowe. Basi alale mapema, saa ile ile kila siku. Apumzike mchana. Akojoe kabla ya kulala. Redio ipunguzwe sauti. Alale ndani ya chandarua, maana tukizuia malaria tunazuia homa.

Kama huweweseka kila usiku saa ile ile, mwamshe taratibu robo saa kabla. Mnyweshe maji kidogo, kisha mlaze tena. Fanya hivyo kwa wiki mbili tatu. Kwa mwanangu ilisaidia.

Wengi huacha wenyewe wakikua. Lakini nenda zahanati kama kuweweseka kunapita nusu saa, kama anaumia, kama kunatokea usiku baada ya usiku, au kama anakoroma sana na pumzi inakatikakatika. Pengine ni mafindofindo.

Mwisho, ndugu zangu, nirudi kwa yule bibi. Alikuwa amelala kwake kama sisi. Kosa lake lilikuwa lipi? Uzee na upweke tu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wamekufa vikongwe wengi kwa maneno ya namna hii. Neno moja la usiku, "mtoto anachezewa", linaweza kumwaga damu asubuhi. Niliporudi kutoka zahanati nilipita kwake kwanza. Nikamweleza yaliyotokea. Akacheka, akasema, "Mbona hata baba yake alikuwa hivyo! Nilikuwa nikimsikia mpaka huku." Na ni kweli, jambo hili huweza kufuata ukoo.

Basi usiku ukisikia yowe la mtoto wa jirani, nenda na tochi ukasaidie. Gusa kama ana homa. Lakini usiende na jina la mtu mdomoni.

 Mwenye swali aulize.