MJUZI NA MJUAJI

Fungueni madaftari yenu, mwandike maneno mawili: mjuzi, mjuaji. Maneno haya ni ndugu, maana yote mawili yametoka katika kitendo kujua. Lakini matumizi yake ni mbalimbali.

Kutokana na nunua tunapata mnunuzi. Kutokana na jua tunapata mjuzi. Mjuzi ni mtu mwenye ujuzi, yaani aliyejifunza kazi au jambo fulani mpaka akaliweza. Seremala hodari ni mjuzi wa mbao. Mvuvi wa siku nyingi ni mjuzi wa pepo na maji.

Na mjuaji je? Kwa umbo lake neno hili si baya. Limeundwa kama msomaji na mchezaji. Mwisho wake, -aji, huonyesha mtu afanyaye jambo mara kwa mara. Basi mjuaji ni mtu ambaye kila siku, kila mahali, yeye “anajua”. Ukitaja mbegu, anajua. Ukitaja sheria, anajua. Ukitaja ugonjwa, anajua kuliko mganga. Husema kwa sauti kubwa kama hakimu akatapo hukumu, wala hapendi kuulizwa. Tabia hiyo ndiyo ujuaji. Kumwita mtu mjuzi ni kumsifu. Kumwita mjuaji ni kumlaumu.

Msichanganye ujuaji na majigambo, wala na ubishi. Mwenye majigambo hujisifu kwa mali au matendo yake. Mbishi hukataa maneno ya mwenzake. Mjuaji hukata shauri kabla wenzake hawajasema neno.

Sasa someni sentensi hizi kwa sauti:

1. Mama huyu ni mjuzi wa kusuka mikeka.
2. Acha ujuaji, mpe mwenzako nafasi aseme.
3. Wajuaji wawili hawasikilizani.

Tena ujuaji si jambo la kuchekesha tu. Waza kwamba mtoto wa jirani ameshikwa na homa. Mjuaji anasema: “Hiyo ni homa ya maembe mabichi. Mpeni maji ya mwarobaini, atapona.” Watu wananyamaza kwa sababu sauti yake ni kubwa. Lakini embe halileti malaria. Mwaka 1897 Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi India, aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Mvua huacha madimbwi, na mbu huzaliana humo. Embe husingiziwa bure. Mjuzi atauliza, “Homa imeanza lini?” Kisha atasema, “Mpelekeni zahanati leo hii, apimwe damu.” Mkimsikiliza mjuaji, siku mbili zinapita, na mtoto anaweza kufa.

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima walikusanyika vikundi vikundi kusikiliza redio, kisha wakajadiliana. Malaria ilikuwa mojawapo ya magonjwa waliyojifunza. Kiongozi wa kikundi hakuwekwa awahutubie wenzake; kazi yake ilikuwa kuongoza mazungumzo, ili kila mtu aseme.

Je, mjuaji akiwa ni mtu mzima kuliko wewe, utafanyaje? Usimtukane, wala usimwite mjuaji mbele ya watu. Muulize kwa adabu: “Samahani, mzee wangu, umejuaje?” Tazameni, neno hili nalo limetoka katika kujua. Mjuzi hujibu bila taabu: nimeona, nimepima, nimesoma mahali fulani. Au husema, “Hapo sijui, tumwulize mganga.” Mjuaji hukasirika, na hapo kila mtu atakuwa ameona. Hata mwalimu wako mwulize hivyo. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.

ZOEZI

Jaza nafasi kwa neno mjuzi, mjuaji, ujuzi au ujuaji:

(a) Fundi huyu ana ______ wa kushona viatu.
(b) Mkutano ulivunjika kwa sababu ya ______ wa mtu mmoja.
(c) Bibi yangu ni ______ wa kupika pilau.
(d) ______ hapendi kuulizwa.

Kisha andika sentensi mbili zako mwenyewe, ukitumia neno umejuaje.